Mauzo yanaonekana kisha yanapotea: jibu kwa msomaji wa Kigoma aliyehamishia programu yake kwenye AWS Lambda

Swali: "Nimetengeneza programu ya kurekodi mauzo ya dagaa kwa kikundi cha wafanyabiashara katika mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma. Karani anapima, anaingiza kilo na bei kwenye simu, kisha mvuvi na mnunuzi wanapata ujumbe mfupi wa uthibitisho. Mwanzoni programu ilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi yetu ya Mwanga, na umeme ukikatika kila kitu kilisimama. Rafiki yangu akanishauri niihamishie AWS Lambda, huduma ya Amazon inayoendesha programu za watu kwenye kompyuta zake, akisema huko hakuna seva, hakuna gharama na hakuna cha kusimamia. Nimeiandika kwa lugha ya Python, na hifadhidata ni faili la SQLite ambalo niliambiwa niliweke kwenye folda ya /tmp. Tangu nihame, mambo manne yananisumbua. Mauzo yanaonekana, karani akifungua ukurasa tena hayapo, baadaye yanarudi, na mengine yamepotea kabisa. Ujumbe mfupi unachelewa mpaka karani mwingine aingize mauzo yake. Ombi la kwanza la alfajiri linachukua sekunde 6 au 7, makarani wanabonyeza tena, na mauzo yanaandikwa mara mbili. Ripoti niliyoipanga itoke saa 12 jioni inatoka saa 3 usiku. Asubuhi zenye dagaa wengi tunapata maombi kama 4,000, lakini wakati wa mbalamwezi, dagaa wasipovuliwa, hakuna kitu. Je, nirudi kwenye kompyuta ya ofisini, nikodi seva, au nirekebishe hapa hapa? Na je, kuna siku nitaamka nikute ninadaiwa mamilioni?"

Jibu: Ndugu muulizaji, kabla sijaeleza chochote naomba ufanye jambo moja leo hii. Waambie makarani waendelee kutumia programu kama kawaida, lakini kila mauzo yaandikwe pia kwenye daftari, mpaka utakapokuwa umeiondoa hifadhidata kwenye folda ya /tmp. Hesabu ya mvuvi aliyekesha ziwani haifai kukaa mahali ambapo hakuna aliyeahidi kuitunza, na kwa sasa ndipo ilipo.

Mauzo yaliyopotea hayawezi kurejeshwa kutoka kwenye /tmp yenyewe, lakini usikate tamaa mapema. Kila maandishi ambayo programu yako inayachapisha inapofanya kazi hutunzwa na AWS kwenye huduma iitwayo CloudWatch Logs, na kama hukugusa mipangilio yake, maandishi hayo hayafutwi kamwe. Ikiwa msimbo wako, yaani maagizo uliyoiandikia programu, ulikuwa unachapisha yaliyomo katika kila ombi, basi mauzo yote yaliyofika yamo humo, pamoja na saa na dakika. Ikiwa haukuwa unachapisha, iombe kampuni inayokutumia ujumbe mfupi ikupe orodha ya ujumbe uliotoka, kwa sababu kila ujumbe una kilo, bei na namba ya mtu. Kwa kulinganisha orodha hiyo na ujumbe uliobaki kwenye simu za wavuvi na wanunuzi, utapata sehemu kubwa ya hesabu zako. Fanya kazi hiyo wiki hii, wakati watu bado wanakumbuka na bado hawajafuta ujumbe wao.

Sasa nije kwenye kiini. Matatizo matatu kati ya manne uliyoyataja yana chanzo kimoja, nacho si kosa la huduma wala si uzembe wako. Ni kwamba programu iliyoandikwa kwa ajili ya kompyuta isiyozimwa imepelekwa mahali ambapo hakuna kompyuta iliyo yako. Rafiki yako alikuambia nusu ya ukweli. Seva zipo, nyingi sana, ila zinasimamiwa na wengine. Gharama ipo, ila huhesabiwa kwa namna tofauti. Na kazi ya kusimamia ipo pia: imehama kutoka kwenye mashine na kuingia kwenye namna unavyoandika programu.

AWS ilitangaza Lambda mwezi Novemba 2014, na utaratibu wake wa msingi haujabadilika sana tangu hapo. Simu ya karani inapotuma ombi, huduma hutazama kwanza kama kuna mazingira yaliyokwisha andaliwa, yenye msimbo wako ndani, ambayo kwa sekunde ile hayana kazi. Yakiwapo, ombi hupelekwa humo na kujibiwa mara moja. Yasipokuwapo, huduma huanzisha mashine pepe ndogo (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi) kwa kutumia programu iitwayo Firecracker, ambayo AWS iliitoa hadharani mwaka 2018. Hupakua msimbo wako, huwasha Python, husoma maktaba zote ulizoziita (misimbo iliyoandikwa na wengine), na ndipo hukabidhi ombi. Jibu likishatoka, mazingira hayo hugandishwa. Hayajafutwa, lakini prosesa haiyapi tena muda wa kufanya lolote. Ombi jingine likija karibuni huamshwa na kuendelea. Lisipokuja, baada ya muda ambao hakuna anayekuahidi urefu wake, hutupwa pamoja na kila kilichomo. Tena, katika Lambda ya kawaida, mazingira mamoja hushughulikia ombi moja tu kwa wakati mmoja. Makarani 8 wakibonyeza kwa pamoja, yatahitajika mazingira 8, na kila moja lina folda yake ya /tmp ambayo mengine hayaioni.

Wewe uko Kibirizi kila siku, kwa hiyo wafikirie wapagazi wa mwaloni. Maboti yakiingia wanajitokeza kwa wingi unaouhitaji, unawalipa kwa mzigo, na pasipokuwa na boti huwadai wala hawakudai. Lakini huwezi kumwachia mpagazi daftari lako la madeni ukitegemea kwamba kesho utampata yuleyule.

Hapo ndipo siri ya mauzo yanayokuja na kuondoka. Karani wa kwanza aliingiza kilo 40, ombi lake likaangukia mazingira ya kwanza, na faili la SQLite lililomo humo likaandika mauzo hayo. Alipofungua ukurasa tena, ombi likaangukia mazingira ya pili, ambayo faili lake halijawahi kusikia habari za kilo 40. Mara ya tatu akabahatika kurudi kwenye mazingira ya kwanza, mauzo yakaonekana. Kisha mwalo ukatulia, mazingira ya kwanza yakatupwa, na kilo 40 zikaenda nayo. Aliyekushauri kutumia /tmp alijua kwamba folda ya msimbo wako hairuhusu kuandikwa, na kwamba /tmp inaruhusu. Hakukuambia kwamba /tmp ni meza ya kufanyia kazi, si kabati la kuhifadhia. Inafaa kwa kutengeneza picha au faili la ripoti linalotumwa papo hapo, na si zaidi ya hapo.

Dawa yake ni moja tu: hifadhidata itoke nje ya funksheni, jina ambalo Lambda inaipa programu yako. Kwa kazi yako ningechagua hifadhidata aina ya PostgreSQL inayosimamiwa na mtoa huduma, kwa sababu mauzo, wavuvi, wanunuzi na madeni ni mambo yanayohusiana, na utahitaji kuuliza maswali ya kuyaunganisha. Utakutana na mtu atakayekuambia uibakize SQLite na kuiweka kwenye diski ya mtandao inayoshirikiwa na mazingira yote. Usikubali. Watengenezaji wa SQLite wenyewe wanaonya kwamba ufungaji wa faili kwenye diski za mtandao si wa kutegemewa, na faili lenye waandishi wengi kwa pamoja linaweza kuharibika kabisa.

Ukishahamia PostgreSQL, kuna mtego mmoja unaokusubiri, na ni afadhali uujue mapema. Kila mazingira hufungua muunganisho wake na hifadhidata. PostgreSQL, usipobadilisha mipangilio, hukubali miunganisho 100, ilhali kikomo cha kawaida cha Lambda ni mazingira 1,000 kwa wakati mmoja katika kanda moja (eneo lenye vituo vyao vya kompyuta), ingawa akaunti mpya zinaweza kuanza na kikomo cha chini zaidi. Asubuhi ya dagaa wengi hifadhidata inaweza kuanza kuwakataa makarani wako, si kwa sababu kazi ni nyingi bali kwa sababu milango imejaa. Weka kikomo chako mwenyewe kwenye funksheni, tuseme mazingira 20. Usiogope kwamba ni machache: ombi likichukua sekunde 0.3, mazingira 20 yanaweza kuhudumia maombi zaidi ya 60 kwa sekunde, wakati maombi yako yote 4,000, hata yangefika ndani ya saa moja, ni zaidi kidogo ya ombi moja kwa sekunde. Kikomo hicho hicho kitakulinda pia na ile hofu yako ya deni, kama nitakavyoeleza.

Kuhusu ujumbe mfupi unaochelewa, nadhani nimeshaona ulichofanya bila kuuona msimbo wako. Uliandika kwamba mauzo yakishapokewa, programu imjibu karani haraka, kisha uzi mwingine (mkondo wa pili wa kazi ndani ya programu ile ile) uendelee kutuma ujumbe kwa nyuma. Kwenye kompyuta ya Mwanga mpango huo ulikuwa mzuri. Kwenye Lambda, jibu likitoka tu mazingira yanagandishwa, na uzi wako unagandishwa nayo katikati ya sentensi. Karani mwingine akiingiza mauzo, mazingira yanaamshwa, na ule uzi wa zamani unapata nafasi ya kumalizia ujumbe wa mtu wa kwanza. Mazingira yakitupwa kabla ya hapo, ujumbe haufiki kamwe, na mvuvi anabaki akidhani kwamba hukumwandika.

Kwa hiyo kazi ya nyuma ipewe mahali pake rasmi. Funksheni ya kwanza iandike mauzo kwenye hifadhidata, iweke maelezo ya ujumbe kwenye foleni, ndipo imjibu karani. Kwa AWS foleni hiyo ni SQS. Funksheni ya pili isome foleni hiyo, na kazi yake iwe kutuma ujumbe tu. Kampuni ya ujumbe mfupi ikishindwa kupokea kwa dakika kadhaa, foleni itajaribu tena bila karani kujua. Ikishindikana mara nyingi, ujumbe uhamishiwe kwenye foleni ya vilivyokwama, ambayo utaikagua kila jioni. Fahamu tu kwamba foleni ya kawaida ya SQS inaahidi kufikisha kila kitu angalau mara moja, maana yake ni kwamba inaweza kufikisha mara mbili. Jambo hilo linatuleta kwenye tatizo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo zito kuliko yote uliyoyaandika, ingawa wewe umelitaja kwa sentensi moja tu.

Mauzo yanayoandikwa mara mbili ni hatari kuliko yanayopotea. Yanayopotea hulalamikiwa siku hiyo hiyo. Yanayojirudia hukaa kimya kwenye hesabu mpaka mwisho wa mwezi, na mnunuzi anapodaiwa kilo ambazo hakuchukua, uaminifu wa kikundi kizima unaingia mashakani. Wala usidhani kwamba ukiondoa ucheleweshaji wa alfajiri tatizo litakuwa limekwisha. Mtandao wa simu utakatika baada ya ombi kufika na kabla ya jibu kurudi, karani atabonyeza tena, foleni itarudia, na siku ukianza kupokea taarifa za malipo kutoka kampuni za simu, mifumo yao nayo hurudia taarifa isipopata jibu kwa wakati. Kurudia ni tabia ya kawaida ya mifumo hii. Programu ndiyo inayotakiwa kuwa na uwezo wa kupokea jambo moja mara tano na kuliandika mara moja.

Namna ya kulifanya si ngumu. Karani anapofungua fomu mpya ya mauzo, simu yenyewe itengeneze namba ya kipekee ya mauzo hayo, kabla ya kutuma chochote. Namba hiyo isafiri pamoja na kilo na bei, na kila anapobonyeza tena fomu ile ile iende namba ile ile. Kwenye PostgreSQL, safu ya namba hiyo iwekewe sharti la kutojirudia, na amri ya kuingiza iambiwe kwamba ikikuta namba ipo tayari isifanye kitu, bali irudishe jibu la mafanikio kama ilivyofanya mara ya kwanza. Kwa malipo, tumia namba ya muamala inayotolewa na kampuni ya simu badala ya kutunga yako. Kwa yale yaliyokwisha jirudia, usiandike amri ya kufuta kila mauzo yanayofanana. Boti moja inaweza kweli kuuza ndoo mbili za uzito mmoja kwa mnunuzi mmoja ndani ya dakika moja. Toa orodha ya yanayotiliwa shaka, ukae na karani husika, naye athibitishe moja baada ya jingine.

Ucheleweshaji wa alfajiri sasa utakuwa umeshaelewa unakotoka. Mazingira ya jana yametupwa, na ombi la kwanza ndilo linalobeba mzigo wa kuandaa mengine. Sekunde 6 au 7, hata hivyo, ni nyingi mno kwa programu ndogo kama yako, na mara nyingi kinachozila si Lambda bali ni maktaba nzito zinazosomwa hata pasipohitajika. Angalia kama unaita pandas, maktaba ya kuchambua data, kwa ajili ya kujumlisha kilo. Kazi hiyo inafanywa na hifadhidata yenyewe kwa mstari mmoja, na pandas inaweza kuhamia kwenye funksheni ya ripoti peke yake, ambako hakuna anayesubiri akiwa amesimama na mzani. Kisha ongeza memori. Lambda huanzia MB 128, na uwezo wa prosesa unaopewa huenda sambamba na memori uliyochagua. Prosesa moja nzima hupatikana ukifika MB 1,769. Ukiweka MB 512, ombi litamalizika haraka zaidi, na kwa kuwa unalipia memori mara muda, gharama huenda isiongezeke sana. Ukibaki na sekunde moja kwa ombi la kwanza la siku, liache hivyo. Upo mpango wa kulipia mazingira yakae tayari muda wote, lakini ukiununua utakuwa umerudi kulipia seva isiyo na kazi wakati wa mbalamwezi, na ndilo jambo ulilokuwa unalikimbia.

Ripoti ni tatizo dogo. Ratiba yako inasoma saa za UTC, yaani saa za kimataifa, na Tanzania iko saa 3 mbele. Saa 12 jioni ya UTC ni saa 3 usiku ya Kigoma. Tumia EventBridge Scheduler, huduma ya ratiba ya AWS, ambayo inakuruhusu kutaja ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam, na ripoti itatoka kwa wakati. Ila kagua pia tarehe ndani ya ripoti. Dagaa wako huvuliwa usiku, na mauzo ya saa 8 usiku ya Kigoma, ukiyasoma kwa saa za UTC, bado ni ya jana. Tunza muda kwa UTC, lakini jumlisha siku kwa saa za hapa, la sivyo kila ripoti itakuwa imechanganya usiku miwili.

Nije kwenye fedha. Chukua maombi 4,000 kwa siku 20 za giza kwa mwezi. Ni maombi 80,000. Kila moja likichukua sekunde 0.3 kwa memori ya MB 512, jumla ni gigabaiti-sekunde 12,000, yaani memori uliyotumia mara muda ulioitumia. Lambda inatoa bure kila mwezi maombi 1,000,000 na gigabaiti-sekunde 400,000. Hata usingepewa kitu cha bure, kwa bei ya kanda ya Virginia ya Kaskazini, ambayo ni dola 0.20 kwa maombi milioni moja na dola 0.0000166667 kwa gigabaiti-sekunde, ungelipa takriban senti 22 za dola kwa mwezi mzima. Kwa upande huo rafiki yako alisema kweli.

Lakini mfuko hautobolewi hapo. Ujumbe mfupi, hata kama mmoja ungekugharimu shilingi 20 tu, ujumbe 30,000 ni shilingi 600,000. Hifadhidata inayosimamiwa hulipiwa kila saa iwe na kazi au haina. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, funksheni kama zako zisingetozwa chochote kwa miezi hiyo mitatu, ilhali hifadhidata ingeendelea kudai kila mwezi. Zipo hifadhidata zinazoweza kujizima zikikosa kazi, ila huchukua sekunde kadhaa kuamka, na hapo utakuwa umemrudishia karani wa alfajiri kero uliyomwondolea. Kisha kuna mtego ambao nimeona ukiwaumiza watu wengi: mtu anaiweka funksheni ndani ya mtandao binafsi ili iifikie hifadhidata, anagundua kwamba haiwezi tena kufika kwenye intaneti kutuma ujumbe, anaelekezwa kuweka NAT Gateway, lango la kutokea intaneti, nayo kwa bei ya Virginia ya Kaskazini ni dola 0.045 kwa saa, yaani zaidi ya dola 32 kwa mwezi, kabla ya kuhesabu data. Ni zaidi ya mara 100 ya gharama ya funksheni yenyewe. Kabla ya kuiweka, panga upya ili funksheni inayotuma ujumbe ikae nje ya mtandao huo, nayo isome foleni tu bila kuigusa hifadhidata.

Kuhusu kuamka na kukuta deni la mamilioni: linawezekana, ingawa si kwa maombi ya makarani wako. Hutokea pale funksheni inapojiita yenyewe bila kikomo, au pale ufunguo wa siri wa akaunti unapowekwa ndani ya msimbo uliopandishwa hadharani na mtu akauokota. Kile kikomo cha mazingira 20 kinapunguza kasi ya hasara ya kwanza. Kwa ya pili, usiweke ufunguo wowote ndani ya msimbo, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti kuu. Weka pia tahadhari ya bajeti, hata ya dola 10, lakini ujue kwamba tahadhari hiyo hukutumia taarifa tu. Haizimi kitu, na huja ikiwa imechelewa kwa saa kadhaa.

Je, urudi ofisini? Hapana. Betri ya kuhimili umeme ingekusaidia kwa saa chache, lakini diski moja katika chumba kimoja si mahali pa kutunzia hesabu za watu wengi. Kukodi seva ndogo ni jambo la heshima kabisa, na mtu asikudharau ukilichagua. Kwa maombi 4,000 kwa siku, seva ndogo ya dola chache kwa mwezi ingetosha, SQLite yako ingekaa salama humo mradi unachukua nakala kila usiku na kuipeleka kwingine, na uzi wako wa nyuma ungefanya kazi kama zamani. Gharama yake halisi ni wewe: masasisho ya usalama, diski iliyojaa, na simu ya saa 10 alfajiri wakati maboti yanaingia na seva haijibu. Ikiwa unaijua Linux na upo karibu siku zote, ni chaguo zuri. Ikiwa uko peke yako na una kazi nyingine, ningebaki kwenye huduma inayojisimamia.

Kuna njia ya kati ambayo hukuitaja. Ikiwa programu yako imeandikwa kwa Flask, maktaba ya Python ya kutengeneza tovuti, unaweza kuifunga kwenye kontena (kifurushi chenye programu na vyote inavyohitaji) na kuiendesha kwenye Cloud Run ya Google, ambayo nayo hushuka hadi sifuri pasipokuwa na kazi, lakini kontena moja huhudumia maombi mengi kwa pamoja, hadi 80 usipobadilisha mpangilio. Hapo miunganisho ya hifadhidata inapungua sana, na msimbo wako haubadiliki kwa kiasi kikubwa. Sharti la hifadhidata kuwa nje, foleni na namba ya kipekee linabaki pale pale. Kama ungekuwa unaanza leo, ningekushauri uanzie huko. Kwa kuwa umeshahama, sioni sababu ya kuhama tena kabla ya kurekebisha hayo matatu.

Jambo moja linaweza kukulazimisha kuwa na seva ndogo hata hivyo. Kampuni za simu, unapoomba kuunganishwa na malipo au menyu ya USSD, mara nyingi hudai anwani ya IP isiyobadilika ili waiandikishe upande wao. Funksheni haina anwani ya kudumu inapotoka nje. Badala ya kulipia NAT Gateway, seva moja ya bei nafuu yenye anwani yake inaweza kukaa mlangoni, ikipokea na kupeleka tu, na kazi yote ikabaki kwenye funksheni.

Kwa upande wa kasi, chagua kanda iliyo Afrika ikiwa bei inakubalika: AWS iko Cape Town tangu mwaka 2020, na Google ilifungua Johannesburg mwaka 2024. Ila pima kwa simu ya karani akiwa mwaloni, si kwa kompyuta ya mjini. Na hakuna kanda itakayokusaidia pale mtandao wenyewe unapokosekana. Ukianza kuhudumia vijiji vya kusini mwa ziwa, ambako mawimbi ya simu huja na kupotea, fomu lazima itunze mauzo kwenye simu kwanza na kuyatuma mtandao ukirudi. Ile namba ya kipekee inayotengenezwa na simu ndiyo itakayofanya jambo hilo liwezekane bila kurudia mauzo.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, na ningependa utafute mtu wa kukaa naye ana kwa ana. La kwanza ni sheria. Unatunza majina, namba za simu na mapato ya watu, na unayapeleka nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu moja kwa moja, ikiwamo masharti yake ya kusafirisha taarifa nje. Wasiliana na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi au wakili anayeijua sheria hiyo kabla idadi ya watu wako haijaongezeka. La pili ni fedha: kurekodi mauzo ni jambo moja, lakini siku kikundi kitakapotaka fedha za wavuvi zipitie au zikae kwenye akaunti ya mfumo wako, simama kwanza upate ushauri, kwa sababu hapo unagusa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na mamlaka ya Benki Kuu. La tatu ni siku ya kuhamisha data. Mtafute mhandisi aliyewahi kuhamisha hifadhidata yenye hesabu za watu, mfanye jaribio zima kwa nakala kwanza, kisha hamisho lenyewe mlipange katika wiki ya mbalamwezi, wakati makarani wana nafasi ya kukaa nanyi na kulinganisha kila jumla na daftari kabla giza halijarudi.